Anachokiamini Mkulima wa Katavi

Kama uko Kakese, Sitalike, Inyonga, Mishamo au Karema, na umetoka shamba muda si mrefu huku miguu bado ina tope, karibu tukae. Leo sina bei za mazao wala ratiba ya treni ya Kaliua. Nataka tuzungumzie jambo lisilopimwa kwa debe wala kwa mizani, ingawa ndilo linaloamua mahindi yako yatakaa ndani hadi mwezi gani. Jambo lenyewe ni anachokiamini mkulima.

Kila mwaka wataalamu wanatujia na semina za ustahimilivu. Wanakuja na mbegu, na vipeperushi, na fulana. Msimu ukiisha, ripoti inaandikwa kwamba wananchi hawana mwamko. Hayo ya mwamko yamenichosha. Mkulima wa Mwamkulu anaamka saa kumi na moja alfajiri. Anayeandika ripoti anaamka saa ngapi?

Hoja yangu jioni hii ni kwamba imani ya mkulima mara nyingi si ujinga. Ameinunua kwa gharama. Aliahidiwa, akalima, akavuna, akaona yaliyompata, akajifunza. Akikataa mbegu yako, usianze kumfundisha. Muulize kwanza aliyemletea mbegu mwaka juzi alimfanyia nini.

Tuanze na ardhi, kwa sababu mkoa huu umejaa watu kutokana na imani moja tu, kwamba Katavi ardhi haiishi.

Mkoa wetu ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huohuo ilikuta watu 564,604. Sensa ya 2022 ikakuta watu 1,152,958. Miaka kumi tu, na tumeongezeka zaidi ya mara mbili. Hakuna mkoa mwingine nchini uliokua kwa kasi hiyo. Tusiwasingizie akina mama wa Katavi, hawazai kuliko wenzao wa mikoa mingine kwa kiasi hicho. Watu wamehamia. Wametoka Shinyanga, Mwanza, Simiyu, Tabora na Kigoma, na wengi walikuja kwa sababu ndugu aliyetangulia alituma habari kwamba huku ukifyeka panakuwa pako.

Na habari hiyo haikuwa ya uongo. Msukuma alifika na ng'ombe wake, na plau na maksai, akakuta mbuga za udongo mweusi ambazo Wapimbwe na Wakonongo hawakuwa na haja nazo sana, kwa kuwa wao walikuwa watu wa mahindi, mihogo, asali na mawindo. Akachimba majaruba, akapanda mpunga. Leo malori yanayopakia mchele Kakese na Mwamkulu ni matunda ya imani ile. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa upande wa chakula wenyeji kweli walipona.

Tatizo ni kwamba imani hiyohiyo ina mkia. Anayeamini kwamba pori bado lipo hahangaiki na shamba la zamani. Analima mahindi miaka minne, mitano, ardhi ikichoka anasogea mbele. Anunue mbolea ya nini? Atengeneze makinga maji ya nini? Mkoa una kilomita za mraba zaidi ya 45,000, maana yake ni watu kama 25 tu kwa kila kilomita ya mraba, na ukiishia hapo utasema nafasi bado tele. Lakini ondoa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambayo peke yake ni kilomita za mraba 4,471. Ondoa mapori ya akiba. Ondoa misitu ya hifadhi, ondoa vyanzo vya maji. Kinachobaki ndicho kinachogombaniwa, na ndiyo sababu kesi za mipaka haziishi kwenye ofisi za wilaya. Pori lipo, unaliona kwa macho, ila lina mwenyewe.

Sasa hapa pana jambo la ajabu kidogo. Mkulima huyohuyo anayeamini kwamba ardhi haiishi, moyoni ana imani ya pili iliyo kinyume chake: kwamba ardhi anayolima si yake, na siku yoyote anaweza kuondolewa. Hakuiota imani hiyo. Wakati wa Mwingereza, katika miaka ya 1920, watu wa nchi hii ya miombo walikusanywa kwenye makazi maalumu kwa ajili ya ugonjwa wa malale, wakaacha mahame yao kwa mbung'o na wanyama. Mwaka 1974 ikaja operesheni ya vijiji, wakahamishwa tena. Mwaka huohuo wa 1974 Katavi ikatangazwa hifadhi ya taifa, na mwaka 1998 hifadhi ikapanuliwa. Januari 2019 Rais Magufuli akaagiza vijiji vilivyomo ndani ya maeneo ya hifadhi nchini visibomolewe kwanza, ikaundwa kamati ya mawaziri kuchunguza, na wananchi wakakaa kusubiri. Babu alihamishwa, baba alihamishwa, mwana akasubiri. Unashangaa kwamba hapandi mwembe?

Kwa hiyo imani mbili zinazopingana zinamfikisha mahali pamoja. Aliye na hakika kwamba ardhi haiishi haitunzi, na aliye na hakika kwamba atanyang'anywa haitunzi vilevile. Kipeperushi cha kilimo hifadhi hakijibu lolote kati ya hayo mawili.

Mfano mkubwa kuliko yote uko hapahapa kwenye halmashauri za Nsimbo na Tanganyika. Nazungumzia makazi ya wakimbizi wa Burundi ya Katumba na Mishamo.

Katumba ilianzishwa mwaka 1972, baada ya mauaji ya Burundi ya mwaka huo, na Mishamo mwaka 1978. Wakimbizi walipewa maeneo, majembe na mbegu. Wakafyeka, wakalima mahindi, maharage, mihogo, karanga na tumbaku. Kufikia mwaka 1985 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikuwa limefunga misaada yake, kwa kuwa watu walikuwa wanajilisha wenyewe na kuuza ziada. Wazee wa Mpanda mjini wanakumbuka vizuri maharage ya mjini yalikuwa yanatoka wapi. Wakimbizi waliokuja na mzigo kichwani wakawa wanalisha wenyeji wao. Ukitaka kuona ustahimilivu, usihangaike kwenda semina.

Mwaka 2007 Serikali za Tanzania na Burundi zikaja na mpango: anayetaka kurudi arudi, anayetaka uraia aombe. Wengi sana wakaomba uraia, na mwaka 2010 maombi ya watu wapatao 162,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu yakakubaliwa. Furaha ikawa kubwa. Lakini palikuwa na sharti: makazi yangefungwa, na raia wapya wangehamishiwa mikoa mingine wakachanganyike na Watanzania wengine. Miaka ikapita. Hawakuhamishwa, na hawakuambiwa kwamba wanabaki. Vyeti vya uraia vilianza kutolewa mwishoni mwa 2014, na ndipo sharti la kuhama likalegezwa.

Jiweke mahali pao kwa miaka ile. Una shamba ulilolima tangu baba yako, una afya, una mvua, una jembe, una soko Mpanda mjini. Kila kitu ambacho mtaalamu atakiandika kwenye orodha yake ya mahitaji ya mkulima unacho. Usicho nacho ni jibu la swali moja: mwaka kesho nitakuwa hapa? Kwa hali hiyo unapanda mahindi na maharage, vitu vya miezi mitatu minne. Hupandi kahawa, hupandi miti, huchomi tofali. Unaangalia tu. Udongo na mvua vilikuwa vilevile, na watu walikuwa walewale waliofyeka msitu mwaka 1972. Kilichobadilika ni matarajio yao, na matarajio yalitosha kusimamisha maisha ya maelfu ya kaya. Wanaopanga miradi yetu wangesoma habari za Katumba na Mishamo kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Tugeukie mvua.

Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kila mwaka, kabla ya msimu, Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri. Wazee nao wana utabiri wao: mwembe umebeba vipi, upepo unatoka wapi, ndege gani wamerudi, na Kilimia kimezama lini, maana kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Muulize mkulima yeyote wa Mpimbwe hali ikoje siku hizi, atakwambia mvua imepungua. Mtaalamu anaweza kufungua kumbukumbu za kipimo akakuta jumla ya milimita za mwaka haikupungua kwa kiasi anachodai mkulima. Basi anahitimisha kwamba mkulima anabuni.

Habuni. Mkulima hapimi mvua kwa chupa ya kituo cha hali ya hewa, anaipima kwa mahindi. Mvua ikichelewa wiki tatu, kisha ikanyesha nyingi kwa siku chache, halafu ikakatika Februari mahindi yanapotoa mbelewele, jumla ya mwaka inaweza kuwa ileile na mavuno yakawa nusu. Halafu kuna la pili, ambalo hata mkulima mwenyewe mara nyingi halioni. Shamba lililolimwa miaka kumi bila samadi wala mabaki ya mazao halishiki maji. Mvua ileile iliyokuwa inatosha kwenye ardhi mpya haitoshi kwenye ardhi iliyochoka, kwa kuwa maji yanatelemka bondeni badala ya kuingia. Mkulima anayatazama mahindi yaliyonyauka, kisha anatazama mbinguni, wakati sehemu ya jibu iko chini ya miguu yake. Akiamini kwamba kosa lote ni la mvua, atabaki kuomba tu, na kuomba si vibaya. Akijua kwamba nusu ya kosa ni la udongo, ana kazi ya kufanya Jumatatu asubuhi. Katika mambo yote niliyonayo jioni hii, hili ndilo ambalo bwana shamba anaweza kulibadilisha bila bajeti ya wizara. Achimbe mashimo mawili, moja kwenye shamba lililochoka na jingine chini ya mti pembeni, siku tatu baada ya mvua, awaite watu washike udongo kwa mikono yao.

Kuhusu utabiri, redio nazo zina lawama. Taarifa inasema maeneo mengi yanatarajiwa kupata mvua za wastani hadi juu ya wastani. Sisi tunaisoma kwa dakika mbili kati ya nyimbo mbili. Mkulima anasikia kwamba itanyesha, kwake yeye, shambani kwake. Ikikatika Januari anatuita waongo, na msimu ujao anafunga redio. Utabiri ni uwezekano, na mkulima anaujua uwezekano kuliko sisi, maana kila punje anayofukia ni bahati nasibu. Aelezwe hivyo waziwazi.

Tuje kwenye akiba. Akiba haiozi, wahenga walisema. Wahenga hao hawakumjua Skania.

Wenye umri wanakumbuka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, jirani zetu wa Tabora waliona mdudu mpya kwenye mahindi, dumuzi mkubwa anayekula punje mpaka unabaki unga. Alitoka Amerika ya Kati, na Tabora ndipo alipotambuliwa kwa mara ya kwanza barani Afrika. Wakulima walimwita Skania, kwa jina la lori. Wakati huo mahindi yalihifadhiwa kwenye vihenge yakiwa na magunzi yake, na Skania alipenda hasa mahindi yaliyo kwenye gunzi. Ushauri ukawa ni kupukuchua, kuchanganya na dawa ya unga, kisha kuhifadhi punje. Katika muda mfupi desturi ya vizazi ikageuka, kijiji kwa kijiji. Wale wanaosema mkulima habadiliki hawajawahi kusikia habari hii. Alibadilika haraka kwa sababu aliiona hasara kwa macho yake, na dawa aliyopewa ikafanya kazi.

Lakini angalia kilichofuata, na hapa natoa maoni yangu tu. Mahindi yaliyopukuchuliwa na kutiwa kwenye gunia yanauzika dakika yoyote. Mahindi ya kwenye kihenge yalikuwa na kazi: uyatoe, uyapukuchue, uyapepete, na mama mwenye kihenge alikuwa na kauli. Gunia lililosimama mlangoni ni fedha. Mchuuzi akipita Juni na pikipiki, ada ya shule ikidaiwa, mgonjwa akiwepo ndani, linapanda. Siku hizi kuna mifuko isiyopitisha hewa, ile ya kinga njaa, na ni mizuri, inaua wadudu bila dawa. Ila haimzuii baba kuuza.

Na kwa nini anauza Juni, bei ikiwa chini, halafu Februari ananunua kwa mara mbili yake, au anakwenda kupalilia shamba la mwenzake kwa kibarua cha debe moja huku lake limeota majani? Shida za haraka ni sababu moja. Sababu nyingine ni kwamba haamini kuwa kusubiri kunalipa. Hilo nalo amejifunza.

Mwaka 2014 mavuno yalikuwa makubwa, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ukanunua kuliko fedha ulizokuwa nazo, na wakulima wakadai malipo yao hadi mwaka uliofuata. Juni 2017 Serikali ikapiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi. Sababu ilieleweka, mwaka uliotangulia chakula kilikuwa kimepungua na bei mijini zilikuwa juu. Lakini huku nyanda za kusini magharibi watu walikuwa wamevuna vizuri. Waliokuwa wamejinyima, wakaweka akiba wakisubiri bei, ndio walioumia zaidi, bei ilipoporomoka mikononi mwao. Waliouza mapema, wale ambao semina huwaita wasio na subira, ndio waliopona. Marufuku iliondolewa baadaye mwaka huohuo, lakini somo lilikuwa limeingia. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Sasa tumejengewa vihenge vya kisasa vya wakala hapahapa Mpanda. Barabara ya lami ya Tabora hadi Mpanda imekamilika, Bandari ya Karema inatazama Kongo ng'ambo ya ziwa. Vyote hivyo ni vya thamani kubwa, nami nimevisifu katika kipindi hiki. Lakini saruji na chuma havifuti kumbukumbu ya 2017. Kitakachoifuta ni misimu mitatu, minne mfululizo ambayo mkulima anasubiri na kusubiri kunamlipa, bila tangazo la ghafla katikati. Waliogeukia ufuta na alizeti walifanya hesabu, hawakufuata mtindo. Kwenye ufuta, unaouzwa kwa mnada kupitia vyama vya msingi, mkulima angalau anaisikia bei ikitajwa mbele yake.

Mbolea nitaigusa kwa kifupi. Tangu Agosti 2022 kuna ruzuku, na mfuko wa kilo hamsini wa DAP ya kupandia au urea ya kukuzia msimu ule ulishushwa hadi shilingi 70,000 kwa mkulima aliyejiandikisha. Bado utasikia mtu anasema mbolea inaua ardhi, ukianza huwezi kuacha. Asichekwe. Mbolea za naitrojeni zikitumika mwaka hadi mwaka peke yake, bila samadi wala chokaa, huongeza tindikali kwenye udongo. Mzee ameona kweli, amekosea jina la mkosaji tu. Ukimwambia hivyo, atakusikiliza hata utakapomwambia habari ya samadi. Ukimwambia ana imani potofu, umempoteza. Kosa la kutomsikiliza lilikuwepo hata kwenye kampeni ya Kilimo Kwanza mwaka 2009, Waziri Mkuu akiwa mtoto wetu wa Kibaoni, Mizengo Pinda. Pawatila, yale matrekta madogo ya mkono, zikaja. Msukuma akaitazama pawatila, akauangalia udongo wake wa mbuga, akawaangalia maksai wake, akaamua. Hakuna aliyemuuliza kabla.

Kuna imani nyingine isiyoandikwa kwenye ripoti za kilimo, nayo ni imani juu ya jirani. Mpimbwe imekuwa na watafiti tangu miaka ya 1990, na mwaka 2007 Craig Hadley na wenzake walichapisha utafiti walioufanya kwa akina mama wa kijiji kimoja. Karibu nusu ya akina mama hao walikuwa wamepitia upungufu wa chakula katika miezi mitatu iliyotangulia. Kwa Wapimbwe, mama aliyeona kwamba ana watu wa kumsaidia alikuwa na unafuu wa njaa. Kwa Wasukuma uhusiano huo haukuonekana. Nadhani sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa sana kwa nini. Kwa Msukuma wa wakati ule, mwaka mbaya ulikuwa na jibu lenye pembe na kwato. Mpimbwe jibu lake lilikuwa shangazi, mjomba, na mtani wa kijiji cha pili.

Basi fikiria kinachotokea jirani anapoacha kuwa jibu akawa hofu. Wangapi kati yenu mnaosikiliza mnaficha mavuno ndani, mkikwepa kijicho na uchawi wa chuma ulete? Wangapi wamewahi kusema mavuno ya fulani si ya jembe lake? Maneno hayo huku yameua wazee, hasa wanawake wenye macho mekundu ya moshi wa kuni. Kijiji ambacho mwenye gunia ishirini anaogopa kuonekana, na asiye na gunia anaogopa kuomba, kikipigwa na mwaka mmoja mbaya kinasambaratika. Sina dawa ya hilo ya kuwapa hewani. Nasema tu kwamba lisihesabiwe kuwa suala la polisi peke yao, maana linafika mpaka kwenye sahani.

Nimalizie na habari njema, kwa sababu zipo. Katika Wilaya ya Tanganyika, kwenye milima ya Ntakata, vijiji vinane, vikiwemo Katuma, Mwese, Lwega, Kapanga na Mpembe, tangu mwaka 2017 vimekuwa kwenye mradi wa kaboni na kampuni ya Carbon Tanzania. Msitu wa kijiji haukatwi, hewa ukaa iliyozuiwa inahesabiwa, inauzwa nje, fedha zinarudi kijijini. Yamepatikana mabilioni ya shilingi, zikajengwa zahanati na madarasa, kaya zikakatiwa bima ya afya. Watu walioliita msitu ule pori la serikali sasa wanalilinda kwa doria zao wenyewe.

Watasema ni fedha tu. Si fedha tu. Fedha zimewahi kuletwa na miradi mingi, zikaja na gari na kuondoka na gari. Hapa kijiji kilikuwa na mpango wa matumizi bora ya ardhi, mipaka inajulikana, na mgawo unasomwa kwenye mkutano mbele ya watu. Mkulima ameona ahadi ikitimizwa zaidi ya mara moja, mahali pamoja, na yeye akiwepo. Nina tahadhari moja. Bei ya kaboni haipangwi Mwese, inapangwa mbali, na soko hilo liliyumba mwaka 2023. Siku fedha zitakapopungua, vijiji vielezwe mapema na kwa ukweli, la sivyo tutatengeneza 2017 nyingine, safari hii kwa miti.

Msikilizaji, sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau mara moja kila miezi mitatu. Kabla ya mvua za Novemba utakuwepo mmoja, usipoitishwa, udaini. Nendeni, akina mama mkakae mbele. Afisa ugani na diwani wakisimama kueleza mipango ya msimu ujao, mtu mmoja anyanyue mkono aulize: ile mliyotuahidi msimu uliopita imefikia wapi? Jibu liandikwe kwenye muhtasari, na mwenyekiti atie sahihi.